Mcheza Kwao Hutuzwa: Fanani, Hadhira na Mpaka katika Maigizo Shirikishi ya Busia na Malaba

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Methali hii hufasiriwa kwa kawaida kama sifa ya anayeitumikia jamii yake. Kwa mhakiki wa sanaa za maonyesho, hata hivyo, ina maana nyingine isiyofariji sana: fanani hutuzwa hasa pale ambapo hadhira inamjua naye anaijua, lugha ni yake, na mwisho wa mchezo aliukariri tangu mazoezini. Je, fanani huyo hupoteza nini anapotoka kwao na kuingia katika maigizo shirikishi, ambamo hadhira ina haki ya kuingilia mchezo na kuubadili? Jibu lililozoeleka ni kwamba anahitaji ujasiri. Miji ya Busia na Malaba, upande wa Kenya, inadhihirisha kuwa jibu hilo halitoshi.

Kitu cha kwanza anachokipoteza ni lugha. Kabla ya 1902 eneo hili lilikuwa sehemu ya Uganda. Wakoloni walipouhamisha mpaka, Wasamia na Wateso walijikuta pande zote mbili. Hadhira inayokusanyika kando ya malori Malaba huzungumza Kiteso, lahaja za Kiluhya, Kiganda na Kiswahili. Fanani aliyesifiwa Nairobi kwa Kiswahili sanifu hana budi kukumbuka kwamba, masikioni mwa Waganda wengi, lugha hiyo ilihusishwa kwa muda mrefu na jeshi. Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda katika marekebisho ya Katiba ya 2005, lakini kumbukumbu ya namna hiyo haifutwi na sheria. Hivyo ufasaha uliokuwa pambo lake waweza kumfanya asikike kama askari hata anapoigiza mchuuzi wa samaki. Inambidi aseme kwa ulimi wa wengine, akosee mbele yao, nao wamsahihishe.

Cha pili ni mwisho wa mchezo. Augusto Boal, mwanatamthilia wa Brazil, ameeleza jinsi mwanamke mmoja nchini Peru, mnamo 1973, alivyokataa kuridhika na namna waigizaji walivyoutekeleza ushauri wake, mpaka akaalikwa jukwaani aonyeshe mwenyewe alichokikusudia. Nchini Kenya, shirika la PATH lilistawisha baadaye mtindo uliopewa jina la sumaku: igizo hukatizwa mgogoro unapofikia kilele, na mtazamaji huitwa kuchukua nafasi ya mhusika. Mradi wa ROADS, ulioanzishwa 2005 na Family Health International ili kupambana na UKIMWI katika vituo vya malori, ulifanya kazi Busia na Malaba, na maigizo ya vijana yalikuwa miongoni mwa mbinu zake.

Chukua mfano wa igizo linalomhusu mama anayevusha mahindi na afisa anayemdai hongo. Anayeinuka kuchukua nafasi ya mama huyo yamkini ni mchuuzi kweli, anayejua bei ya gunia, saa ya kubadilishana zamu na njia za panya zote. Fanani anayemwigiza afisa hukabiliwa na vishawishi viwili. Akitumia ustadi wake wote, atamshinda kwa maneno mtu asiyewahi kukanyaga jukwaa, na hadhira itarudi nyumbani ikiamini kuwa afisa hashindiki. Akilegea ili kumfurahisha, atampa ushindi wa bandia ambao hautamfaa alfajiri atakapofika kwenye kizuizi. Kazi yake ni kumpinga kwa kadiri ile ile ambayo afisa halisi angempinga, naye hawezi kuijua kadiri hiyo isipokuwa kwa kufunzwa na mchuuzi mwenyewe.

Hapa ndipo suala la ujasiri linapochukua sura nyingine. Jioni fanani hupanda basi, mchuuzi hubaki. Aliyoyasema jukwaani yamesikiwa na majirani, na pengine na afisa aliyesimama nyuma ya umati. Huenda ikasemwa kuwa ubunifu unamlinda, kwani aliyesema ni mhusika. Historia ya Kamĩrĩĩthũ inaitilia shaka hoja hiyo. Wanakijiji wa huko walishiriki kuisahihisha na kuiigiza tamthilia ya Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ; serikali ikaipiga marufuku Novemba 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini Desemba mwaka huo huo, na jukwaa walilolijenga wanakijiji kwa mikono yao likabomolewa 1982. Aliyesahihisha mstari mmoja na aliyeandika tamthilia nzima waliingia hatarini pamoja, ingawa ni jina la mmoja tu linalokumbukwa.

Kwa hiyo, kipimo cha fanani kutoka kwao hakiwezi kuwa ile siku ya kwanza anapoingia Busia. Siku hiyo ina msisimko, na ugeni humsamehe mengi. Mtindo wa sumaku ulidai jambo gumu zaidi: hadhira ile ile, mahali pale pale, kwa wakati uliopangwa, tena na tena. Fanani anayerudi wiki ya pili hukutana na mchuuzi aliyejaribu penye kizuizi yale yaliyojaribiwa jukwaani. Kama yalimfaa, atasema. Kama yalimponza, atasema vilevile, mbele ya wote, na igizo litaanzia hapo. Vyuo vinavyowapeleka wanafunzi mpakani kwa onyesho moja na kuwarudisha na picha vimewafundisha safari tu. Mafunzo ya maigizo shirikishi yapangwe kwa kuhesabu marudio, na alama itolewe kwa yale mwanafunzi aliyoyabadilisha katika uigizaji wake baada ya kujibiwa na watu wa Busia.