Safari ya Mumbai Ambayo Hatukuifanya



Mwezi wa Desemba 2024, katika ukumbi wa parokia yetu hapa Bunia, tulikaa vijana 27 kulizunguka daftari moja, tukaandika juu ya ukurasa wake wa kwanza: "Dola 50,000." Chini ya tarakimu hiyo tulipiga mstari, na chini ya mstari tukaandika mchango wa kwanza, franka 12,000 za Kongo, aliotuletea mama mmoja anayeuza samaki wa Kasenyi. Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tumekata shauri kumpeleka ndugu yetu India.

Alikuwa mpiga ngoma wa kwaya, kijana wa miaka 19, ambaye jamaa yake ilikimbia vita vya Djugu na kupata kiwanja kidogo pembezoni mwa mji. Jina lake hatulitaji, kwa sababu mtakayoiona mbele. Ugonjwa wake ulianza katikati ya mwaka 2023 kama yaanzavyo magonjwa yote kwetu: homa, uchovu, maumivu ya mifupa. Alitibiwa malaria mara mbili na homa ya matumbo mara moja. Kisha Jumapili moja, kabla ya Misa ya pili, damu ya pua ilikataa kukatika, ikalowesha shati lake jeupe la kwaya. Ndipo zilipohesabiwa chembe za damu yake, na muuguzi akamwita mama yake pembeni. Akaambiwa aende Kampala, na asikawie.

Wakashuka Kasenyi, wakavuka Ziwa Albert hadi Ntoroko, wakashika barabara ya Fort Portal. Huko Kampala, juu ya kilima cha Mulago, ipo Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967, na historia yake yafaa kujulikana na vijana wa upande wetu wa ziwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliwaona hapo Mulago watoto waliovimba taya kwa namna isiyo ya kawaida, akaandika habari zao mwaka 1958. Uvimbe ule, ambao leo unaitwa kwa jina lake, ni saratani ya chembe za damu zinazotukinga na maradhi, nao huwapata hasa watoto wa nchi zenye malaria nyingi kama hii yetu. Kisu hakikuweza kuuponya. Kilichoonekana baadaye ni kwamba dawa ziliweza. Watoto waliokuwa wakisubiri kaburi walitoka wodini kwa miguu yao. Taasisi ile ilizaliwa kutokana na watoto hao.

Ndugu yetu hakuwa na ugonjwa wa Burkitt. Yeye alikuwa na saratani ya damu iliyoanzia katika uboho wa mifupa, ile inayoitwa lukemia kali, iliyoshika chembe nyeupe za aina ya B. Alipewa dawa za kemikali miezi kadhaa. Nywele zikaanguka, chembe mbovu zikatoweka, na Pasaka ya mwaka 2024 alipiga ngoma ya Gloria akiwa na kofia ya sufu kichwani. Vidonge vya kuendeleza tiba vilimfikia kwa mikono ya wasafiri. Mnamo Novemba vipimo vilisema kwamba ugonjwa umerudi.

Daktari wa Kampala hakumficha mama. Alimwambia kwamba dawa zile zile, zikiongezwa nguvu, huenda zikaupunguza ugonjwa kwa muda. Na kwamba ipo tiba nyingine, lakini si Uganda wala Kongo. Mama aliandika jina lake kwenye kiganja cha mkono: CAR-T.

Tulitaka kuielewa kabla ya kuiombea pesa, na mweka hazina wetu, anayesomea uuguzi, alitufafanulia. Damu ya mgonjwa hupitishwa katika mashine, nazo zile chembe ziitwazo seli T, ambazo ni askari wa mwili, hutengwa. Hupelekwa maabara. Humo hutiwa maagizo mapya ya urithi, na mbebaji wa maagizo hayo ni virusi vilivyonyang'anywa uwezo wa kudhuru. Mara nyingi vimetengenezwa kutokana na virusi vya UKIMWI vyenyewe. (Hapo tulimsimamisha, akarudia mara mbili.) Seli zilizofunzwa huota kipokezi kinachotambua alama iliyo juu ya chembe za aina ya B. Huzalishwa zikawa mamilioni, na baada ya wiki kadhaa hurudishwa mwilini kwa dripu. Kisha vita huanza ndani, na homa yake yaweza kuua.

Mtoto wa kwanza kutibiwa hivyo kwa lukemia ya aina hii alikuwa Emily Whitehead, msichana Mmarekani wa miaka 6, huko Philadelphia, mwaka 2012. Homa ilikaribia kumchukua. Mtafiti Carl June alikumbuka dawa ya ugonjwa wa viungo aliyoifahamu kwa sababu binti yake mwenyewe aliugua viungo. Emily akapewa, akaamka, na hadi sasa yu hai. Tiba hiyo iliporuhusiwa Marekani mwaka 2017, bei yake ilitangazwa kuwa dola 475,000. Lakini Wahindi nao walifanya kazi. Profesa Rahul Purwar wa chuo cha IIT Bombay, pamoja na madaktari wa hospitali ya Tata Memorial mjini Mumbai, walitengeneza ya kwao, iitwayo NexCAR19, ikaruhusiwa Oktoba 2023 kwa wagonjwa wenye miaka 15 na zaidi. Bei yake ni karibu moja ya kumi ya ile ya Marekani. Katika majaribio yao, wagonjwa kama 7 kati ya 10 waliitikia tiba. Kuitikia si kupona, na mweka hazina alitusihi tusichanganye maneno hayo mawili. Tuliyachanganya.

Maana tulitengeneza tangazo. Tulichukua picha yake ya hospitalini, kichwa kitupu, macho yameingia ndani, tukaandika juu yake kwamba dola 50,000 zitamponya ndugu yetu, tukalisambaza kwa WhatsApp hadi Goma, Beni, Kisangani na kwa Wakongo wa Ulaya. Hatukumwuliza. Alilipokea kwenye simu yake kutoka kwa binamu aliye Kinshasa. Jioni hiyo alimpigia simu kiongozi wetu, akasema kwa sauti ya chini: "Mmeniuza bila kunionyesha kwa mnunuzi." Tulifuta, lakini kitu kama hicho hakifutiki. Ndiyo sababu humu hatumtaji.

Tulifanya yote ambayo vijana wa Bunia hufanya. Tulifyatua tofali, tukaosha pikipiki Jumamosi, tukauza mahindi ya shamba la parokia, tukazunguka katika mashirika ya mitaa na kikapu. Akajitokeza mtu mmoja katika simu aliyejiita wakala wa safari za matibabu, akadai dola 1,500 upesi ili "kushika kitanda." Tulikuwa tumekwisha kuzihesabu. Mweka hazina alikataa kuzituma kabla ya kumpigia daktari wa Kampala, ambaye alijibu kwa ufupi kwamba mlango wa hospitali ya namna ile ni barua ya daktari na majibu ya vipimo. Yule wakala hakupokea simu tena.

Februari 2025 mji ulijaa hofu. Goma ilikuwa imeanguka mwishoni mwa Januari. Kisha majeshi ya Uganda yakaingia hapa Bunia. Mwenye franka alinunua mchele na kuuficha chini ya kitanda. Daftari letu lilikaa wiki tatu bila mstari mpya. Siku ya Jumatano ya Majivu tulihesabu: dola 6,340. Na zile 50,000 zilikuwa ni za seli tu. Hazikuwa na ndani yake tiketi za watu wawili, viza, chanjo ya homa ya manjano ambayo India humdai kila atokaye Kongo, miezi ya kupanga chumba, wala vitanda vya homa ile tuliyoambiwa.

Kaka yake mkubwa akapendekeza kuuza kiwanja. Kingeleta labda dola 9,000. Tulikwenda kwa padri, si ili aamue, bali kwa sababu mama aliomba awepo. Alitueleza mafundisho ambayo wengi wetu hatukuwahi kuyasikia: kwamba Papa Pius XII, akisema na madaktari mwaka 1957, alifundisha kuwa mtu anawajibika kutumia njia za kawaida za kuhifadhi uhai, lakini halazimiki kutumia zile zinazomtwisha yeye au wengine mzigo mzito kupita kiasi, na kwamba Katekisimu, namba 2278, inaruhusu kuziacha njia zenye mzigo mzito, za hatari au zisizolingana na matokeo yanayotarajiwa, bila kuwa ni kuua. Kaka alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Padri, mbona kwa Wazungu ni za kawaida?"

Padri hakujibu upesi, nasi hatujajibu hadi leo. Tunakubali mafundisho yale. Yaliwaondolea watu wa nyumba ile mzigo wa kudhani kwamba wasipouza paa lao wamemwua mtoto wao. Lakini swali la kaka nalo ni la kweli. Mstari kati ya njia ya kawaida na isiyo ya kawaida hupita mahali pengi, na mahali pamoja hupita katikati ya mfuko. Mstari huo pia husogea: dripu za Mulago zilikuwa ajabu kwa babu zetu, na Mumbai imepunguza kwa tisa ya kumi kile ambacho Philadelphia ilianza nacho. Huenda mdogo wa mmoja wetu atatibiwa hivyo Kampala au Nairobi. Mpiga ngoma wetu hakuwa na miaka ya kungoja.

Ni yeye aliyelimaliza lile jambo. Alisema kiwanja hakiuzwi, kwa kuwa mama alikwisha kukimbia mara moja na hatakimbia tena kwa ajili yake. Alirudi Kampala kwa awamu moja zaidi ya dawa, kwa pesa zetu, na mwezi wa Mei, zilipokoma kumfaa, akaomba arudishwe nyumbani.

Sasa tuseme habari ya damu, ambayo tungependa kuiruka. Kabla ya safari yake ya kwanza, mwaka 2023, hospitali iliomba wachangiaji. Kundi letu lilikuwa na wanachama 43. Walikwenda 4. Wengine tulikuwa na mtihani, wengine tulisema damu huuzwa, na walio wengi, tukisema ukweli, tuliogopa kwamba kila damu itolewayo hupimwa UKIMWI na homa ya ini, nasi tungeambiwa hali zetu. Tulikuwa tayari kufyatua tofali miezi mitano kwa ajili ya seli za Mumbai, ilhali mfuko wa damu uliotakiwa siku ile ulikuwa ndani ya mikono yetu wenyewe.

Mwezi huo wa Mei 2025 tulikwenda 19. Wawili waliambiwa mambo waliyoyaogopa, na leo wanatibiwa. Miongoni mwa waliotoa alikuwamo msichana wa kabila ambalo, kwa hesabu ya vita vyetu, halipaswi kumpa ndugu yetu hata maji. Watu wa nyumbani kwake walichomewa kijiji, na watu wa nyumbani kwa ndugu yetu kadhalika. Mfuko ulikuwa na namba na kundi la damu tu, lakini Bunia ni mji mdogo, naye akajua. Akamwita. Walizungumza kitambo ambacho hatukukisikia, isipokuwa mwisho, alipomwambia kwa sauti: "Dada, nikianza kupiga ngoma kwa mdundo wa kwenu, wakosoe wenyewe." Alicheka hadi akakohoa.

Tulizoea kumtajia Carlo Acutis, kijana wa Italia aliyefariki kwa lukemia mwaka 2006 akiwa na miaka 15, ambaye angetangazwa mtakatifu Aprili kama Papa Francisko asingefariki siku chache kabla. Tulidhani tunamfariji. Alisema Carlo aliugua siku chache tu, na kwamba angependa kumwuliza angefanyaje mwaka wa pili. Alipakwa mafuta, akala Ekaristi siku tatu mfululizo, akafa mwezi Juni, mchana, mama akimshika miguu. Septemba, Carlo alipotangazwa mtakatifu, tulitazama kwenye simu moja pale ukumbini. Ngoma yake ilikuwa ukutani, haijapata mpigaji.

Katika daftari zilibaki dola 1,870. Tuligombana juu yake. Wengine walitaka zirudishwe kwa waliotoa, wengine zijenge kaburi kwa saruji, wengine zingoje. Yule mama wa samaki alipoulizwa alisema kwamba pesa ikishatoka kwa ajili ya mgonjwa haijui kurudi, akaendelea kupima samaki wake.

Oktoba aliletwa parokiani mtoto wa miaka 6 kutoka kambi ya wakimbizi wa ndani, taya la kushoto limevimba hadi jicho limefinywa. Mweka hazina alimtazama, akatutazama sisi, akaenda kuchukua daftari. Mtoto na mama yake walivuka Kasenyi siku ya Alhamisi. Habari tuliyo nayo ni kwamba wamefika Mulago, wamepewa kitanda, na dripu ya kwanza imewekwa.