Kanja: Chini ya mlima wa miujiza, nani mwenye kauli?

KANJA si jina ambalo msomaji atalikuta kwenye vijitabu vya watalii. Ni kituo cha soko katika kaunti ya Embu, upande wa Runyenjes, kwenye mteremko wa kusini-mashariki wa Mlima Kenya. Aliyezoea joto na moshi wa mjini akishuka hapa kutoka kwenye matatu, jambo la kwanza kumpokea ni baridi, na la pili ni ubichi wa nchi usiokatika. Upande wa juu, kuelekea msituni, ni majani chai. Upande wa chini ni kahawa, migomba na makadamia. Wachumaji wa chai hurauka ukungu ukiwa bado umetanda, vikapu mgongoni, na jua likipanda utawaona wakielekea kituoni kupimiwa majani yao.

Mawingu yakijaliwa kuachana, mlima hujitokeza wote, hadi kilele cha mita 5,199. Wazee wa huku hawakuuita Kenya. Kwao ni makao ya Ngai, ambaye Waembu humwita pia Mwene Njeru. Mzee aliyetaka kuomba mvua aliuelekezea uso mlima huo.

Lakini inua macho kidogo tu, si hadi mlimani. Kama ilivyo katika vituo vingi vya soko nchini, nguzo na kuta za maduka hazikosi mabango ya mikutano ya injili: njoo upokee muujiza wako, njoo na mgonjwa wako. Mlima wa kale uko juu, bango jipya liko chini, na mwananchi amesimama katikati na mfuko wake mdogo. Ndipo linapozuka swali ambalo familia nyingi za mijini nazo hujiuliza kimyakimya. Muujiza ukitangazwa, nani mwenye kauli ya kusema huu ni wa kweli? Na nani wa kutuambia unatutaka tufanye nini?

Maporomoko ya Mbui Njeru

Mtu wa Kanja hahitaji kwenda mbali kutafuta habari za maajabu. Asili ya Waembu wenyewe, kwa masimulizi yao, ni huku huku karibu na Runyenjes, penye maporomoko ya maji ya Mbui Njeru. Ngai alimuumba Mwenendega, kisha akampa mke mrembo kando ya maporomoko hayo, jina lake Ciurunji. Wakabarikiwa mali na watoto, na uzao wao ukaenea Embu yote.

Hakuna mjukuu aliyewahi kumdai Mwenendega cheti cha ndoa. Muujiza wa namna hii haumlazimishi mtu kutoa pesa wala kuacha dawa zake. Kazi yake ni kumkumbusha mtu ametoka wapi na anamshukuru nani. Ugumu huanza muujiza unapopewa mamlaka, yaani mtu anaposema: kwa kuwa niliona ishara, basi ninyi nyote nifuateni.

Bahari iliyogawanyika

Fuata barabara kuu kutoka Runyenjes kuelekea kaskazini. Utavuka mto Thuci, utaiacha Embu na kuingia Tharaka-Nithi, kisha Chuka, na mwishowe Meru. Huko utasimuliwa kisa ambacho kila aliyesoma kitabu cha Kutoka atadhani amekwisha kukisikia.

Wameru husema kwamba zamani babu zao waliishi kisiwani Mbwaa, wakitumikishwa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu. Watawala hao waliwapa mitihani isiyowezekana. Mathalan, waliwaamuru watengeneze kiatu chenye manyoya juu na chini. Waliokoka kwa akili: walitumia ile ngozi inayoning'inia shingoni mwa fahali, ambayo ina manyoya pande zote mbili. Mwishowe wakaondoka wakiongozwa na Koomenjoe, ambaye kwa fimbo yake aliyagawanya maji wakapita. Waliovuka usiku wakawa ukoo wa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakawa Ntune, wekundu. Na waliovuka mchana wakawa Njeru, weupe.

Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Meru, aliiweka Mbwaa katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Mtu wa pwani akisikia hivyo atatabasamu, kwani anajua kwamba kuna mikono ya bahari ambayo maji yakipwa hupitika kwa miguu, na yakijaa humeza mtu. Je, hilo linaufuta muujiza? La hasha! Mtumwa anayekimbizwa akikuta maji yamepwa saa ileile aliyoyahitaji, hakosi sababu ya kushukuru.

Sheria haiko mbinguni

Wako Wameru wanaosema kwamba kisa hiki ni ushahidi wa undugu na Wayahudi. Hilo tuwaachie wenyewe. La kutufaa ni kuwauliza Wayahudi, ambao wamekaa na kisa chao cha bahari kwa maelfu ya miaka, walikifanyia nini.

Kwanza, walikitungia adabu. Kwa mujibu wa Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilishwa karibu mwaka wa 200, anayefika mahali ambapo mababu walitendewa miujiza sharti amsifu Mungu. Talmudi inaongeza kwamba watu wanne wanadaiwa shukrani: aliyevuka bahari, aliyevuka jangwa, aliyepona ugonjwa na aliyetoka kifungoni. Na shukrani hiyo haitolewi chumbani. Hutolewa mbele ya watu kumi, wawili kati yao wakiwa wanazuoni. Muujiza basi ni jambo la kutajwa hadharani, mbele ya watu wanaokujua na wanaoweza kukuuliza.

Pili, waliuwekea mpaka. Talmudi inasimulia ubishi wa marabi juu ya tanuri, iwapo lilikuwa safi au najisi. Rabi Eliezer alishindwa katika hoja, akaomba ishara. Mti uking'oka na kusogea, wenzake walisema mti si hoja. Kijito kikarudi nyuma, wakasema vivyo hivyo. Kuta za chuo zikainama. Hatimaye sauti kutoka mbinguni ikatangaza kwamba Eliezer ndiye mwenye haki. Hapo Rabi Yoshua akasimama na kujibu, kwa maneno ya Torati, kwamba sheria haiko mbinguni tena. Imekwisha kukabidhiwa watu, nao wanaamua kwa wingi wa sauti baada ya kusikilizana. Kisa kinamalizia kwa kusema kwamba Mungu mwenyewe alicheka, akifurahi kwamba wanawe wamemshinda.

Tatu, waliihofu ishara yenyewe. Kumbukumbu la Torati linaonya juu ya nabii ambaye ishara yake inatimia kweli, ilhali anawapoteza watu. Rambamu, yule mwanachuoni na tabibu aliyefariki mwaka wa 1204, aliandika kwamba Waisraeli hawakumwamini Musa kwa sababu ya miujiza, kwa kuwa anayeamini kwa miujiza hubaki na shaka moyoni: huenda ulikuwa uganga.

Mkono wa Mugwe na baraza la Njuri

Wameru nao walikuwa na mpango unaofanana na huo. Walikuwa na Mugwe, mtu mtakatifu aliyebariki watu, na ambaye mkono wake wa kushoto ulifichwa kwa kuwa ulishika kitu cha siri chenye nguvu. Padri Bernardo Bernardi alimwandikia kitabu kizima mwaka wa 1959. Lakini kesi za ardhi, mifugo na damu hazikuamuliwa na mkono ule uliofichwa. Ziliamuliwa na Njuri Ncheke, baraza la wazee lenye makao Nchiru, ambako watu waliketi, wakasema, wakapingana, wakakata shauri. Baraka ilikuwa na mwenyewe na hukumu ilikuwa na wenyewe.

Hata hivyo tusiwapake wazee asali. Mwaka wa 1956, kwa ushawishi wa serikali ya kikoloni, Njuri Ncheke ilipiga marufuku tohara ya wasichana. Leo tohara hiyo ni kosa la jinai kwa sheria ya mwaka wa 2011, na wengi watasema wazee walitangulia. Lakini wakati ule wasichana wengi walikaidi, wakatahiriana wenyewe, wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Zaidi ya watu 2,000 walishtakiwa katika miaka mitatu iliyofuata. Amri ilitoka kwa wanaume waliodhaniwa kusema kwa kinywa cha Mzungu, na wenye miili hawakuulizwa.

Talmudi nayo haikuficha kwamba baada ya ule ushindi wa tanuri, wenzake walimtenga Rabi Eliezer, na machungu yake yakawa makubwa. Wengi wanaweza kuwa na haki ya kuamua, na bado wakamwonea mtu.

Pasaka ya Mbale

Mtu atauliza: habari za marabi zatuhusu nini sisi wa Afrika Mashariki? Zinatuhusu. Karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya, Waganda waliomfuata Semei Kakungulu alipoikumbatia Torati mwaka wa 1919. Idi Amin alipiga marufuku dini yao, na waliobaki walisali kwa siri. Kisha Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyo hiyo, kwa kalenda ya Kiyahudi, Pasaka ilianza, sikukuu ya kutoka utumwani. Mwenye macho ya imani hahitaji kuambiwa zaidi.

Lakini angalia walivyofanya. Hawakusema kwamba muujiza ule umetosha kuwafanya Wayahudi. Mwaka wa 2002 mahakama ya marabi wa madhehebu ya Conservative ilifika kwao, ikawahoji, na mamia wakaingia majini kwa utaratibu wa sheria. Mwenzao Gershom Sizomu akaenda kusoma Marekani, akawa rabi mwaka wa 2008. Wengine, wa kijiji cha Putti, walisema wanawataka marabi wa Orthodoksi, na mjadala wa nani atambuliwe na nani umefika hadi serikali ya Israeli. Ni njia ndefu, yenye fomu nyingi na machozi yake. Lakini kila hatua ina watu wenye majina, wanaoweza kuulizwa na kupingwa.

Maswali ya kubeba nyumbani

Turudi kwenye lile bango. Mwaka wa 2011 maelfu kwa maelfu, Wakenya wakiwemo, walifunga safari hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu kilichosemekana kuponya kila ugonjwa. Wako walioacha dawa zao. Askofu wa eneo aliunga mkono, kumaanisha kwamba hata cheo cha kanisa peke yake si kinga. Mwaka wa 2023 ikaja Shakahola, kaunti ya Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, ya watu walioambiwa kwamba kufunga kula kutawafikisha kwa Yesu. Watoto walikuwa miongoni mwao, na mtoto hana nafasi ya kuuliza.

Basi mzazi, na wewe mwanafunzi, kabla hamjamfuata mtenda ishara, muulizeni mambo matatu. Anayasema haya mbele ya nani? Nani ana ruhusa ya kumpinga, na akipingwa humfanya nini mpinzani? Na ishara ikiondolewa, hoja yake inasimama? Asiyetaka kuulizwa, mwacheni na ishara yake.

Na likizo ikifika, wapelekeni watoto Kanja. Mwezi wa Januari na Februari mvua huwa chache, na mlima huonekana vizuri alfajiri. Waambieni habari za Mwenendega na Koomenjoe. Watawauliza kama ni kweli. Wajibuni, kisha wapeni nafasi ya kubisha.