Hela ya Ufundi

Klachi ni kazi ambayo spea si kitu, ufundi ndio kila kitu. Klachi pleti, presha pleti na beringi yake huuzwa pamoja katika boksi moja unaloweza kulibeba kwapani. Tatizo ni kwamba vimejificha kati ya injini na giaboksi, na huvifikii mpaka giaboksi ishuke. Ndiyo maana hapa Maryland, gereji iliponipigia hesabu ya gari langu la gia za mkono, fedha nyingi hazikuwa za spea. Zilikuwa za muda wa fundi, na kila saa ilizidi dola 100.

Nikaamua kazi hiyo tuifanyie nyumbani, Silver Spring, mimi na rafiki yangu wa Mombasa. Jambo moja la Marekani nalisifu: maduka makubwa ya spea huazima vifaa. Unaweka amana, ukirudisha kifaa unapewa fedha yako yote. Tukalipandisha gari juu ya stendi za chuma, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu aliyelala uvunguni. Tukachomoa betri, tukamwaga oili ya giaboksi, tukatoa ekseli, tukaitegemeza injini kwa chini, kisha tukafungua bolti moja baada ya nyingine. Pleti ya zamani ilikuwa imelika hadi kwenye riveti.

Kuirudisha giaboksi ndiko kulikotutoa jasho. Pleti mpya sharti ikae katikati kabisa. Ikihama kidogo tu, shafti haiingii. Mmoja ananyanyua, mwenzake anazungusha, mabega yanawaka moto, giaboksi inagoma. Tukashusha, tukapumua, tukajaribu tena, mpaka meno yakakutana.

Kule uvunguni niliwafikiria mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, wanaoifanya kazi hii juu ya maboksi yaliyotandikwa chini, kijana anayejifunza akiwamulikia. Sisi wateja wao tunawakosea. Dukani tunalipa bei ya spea bila ugomvi mkubwa, lakini tukifika kwenye hela ya ufundi tunaikata nusu, kana kwamba mgongo wa mtu hauna gharama.

Sisemi Marekani imepatia kila kitu. Bei hizi humwacha mtu wa kipato kidogo akiendesha gari bovu kwa hofu. Na gereji zetu zina neema yake: kijana asiye na ada ya chuo huingia akishika spana, akatoka fundi kamili.

Anachokosa ni kutambuliwa. Hapa jirani, Leesburg, Virginia, ndiyo makao ya ASE, taasisi inayotoa vyeti vya mafundi wa magari tangu 1972. Cheti chake hudai mtihani na uzoefu wa kazi, na fundi hupimwa tena kila baada ya miaka 5. Tanzania nayo haijalala: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hurasimisha ujuzi wa fundi aliyejifunzia kazini, akapimwa na kupewa cheti bila kuanza darasani upya.

Basi sisi wa ughaibuni, tunaotuma fedha za kutengeneza gari la mzee nyumbani, tuanze wenyewe. Tumuulize fundi bei ya kazi yake, tuilipe kamili. Na kama hana cheti, tumchangie gharama ya kwenda kupimwa.