Tulipomtafutia Mama Malazi Unguja

Kutoka Kurasini hadi Unguja si mbali. Aliyeketi barazani petu jioni husikia honi za meli zikiingia na kutoka bandarini, na boti ziendazo kasi humfikisha mtu Unguja kwa muda wa kama saa mbili. Walakini katika nyumba yetu alikuwapo mmoja ambaye kwake safari hiyo fupi ilikuwa ndefu mno, naye ni mama yetu. Alizaliwa Mji Mkongwe, mtaa wa Malindi, akaondoka na wazazi wake katika mwaka wa 1964 baada ya Mapinduzi, akiwa mtoto wa miaka kumi. Tangu hapo alivuka mara chache tu, kwa ajili ya maziko, na kila mara alirejea siku ile ile. Kulala, hakulala tena.

Basi sisi watoto wake, pamoja na wajukuu waliokwisha kupata kazi, tuliazimia kuchanga fedha ili alale mjini kwao usiku mmoja, kwa heshima na raha. Jamaa zake wa karibu hawako tena Malindi. Wengine wametangulia mbele ya haki, wengine wako Maskati. Kwa hiyo hapakuwa na budi kutafuta hoteli, na hapo ndipo tulipogundua kwamba kuchagua mahali pa kumlaza mzazi si jambo jepesi kama tulivyodhani.

Tulikusanyika Ijumaa moja baada ya sala. Vijana walikuwa wamekwisha kuchagua kwa simu zao, nao wakatuonyesha picha za hoteli yenye bwawa la kuogelea na vitanda vya samadari vyenye vyandarua vyeupe kama mawingu. Bei ya usiku mmoja ilikuwa kama kodi ya chumba hapa Kurasini kwa miezi sita. Mmoja wetu akasema kwamba huo ni ubadhirifu, na kwamba Kurani imewaonya wafujaji. Kijana mmoja akamjibu, kwa adabu, kuwa kumkirimu mama si kufuja. Maneno yakawa mengi. Mama alikuwa kimya muda wote huo, kisha akauliza neno moja tu: "Wanangu, nyumba ile tuliyosomea chuoni, nasikia nayo imekuwa hoteli. Na huko je, hulaza watu?"

Hakuna aliyeweza kumjibu. Tukakubaliana kwamba wawili kati yetu watangulie kuvuka, wakazione nyumba kwa macho yao.

Msomaji ambaye hajapata kufika Mji Mkongwe yafaa aelewe namna nyumba zake zilivyo, kwa sababu anayelala humo analala katika majumba ya watu, yaliyojengwa kwa matumizi mengine. Wengi wa waliozijenga katika karne ya 19 walikuwa Waarabu na Wahindi, matajiri wa karafuu na wa biashara za bahari. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene hata dirisha huwa kama kijumba kidogo. Dari zake hushikiliwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazina urefu mkubwa, vyumba vingi vina upana usiozidi kama mita tatu, lakini huenda mbali kwa urefu. Mgeni aliyezoea vyumba vya mraba hushangaa, akafikiri amepewa ukumbi wa kupitia. La, hicho ndicho chumba chenyewe, na kipimo chake ni mti wa mkoko.

Mji huu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na hata kabla ya hapo nyumba zake zilikwisha kuanza kugeuzwa hoteli. Mmarekani mmoja, marehemu Emerson Skeen, alikuwa miongoni mwa waliotangulia, naye alifanya hoteli katika jumba la Hurumzi linalohusishwa na Tharia Topan, tajiri aliyekuwa mkuu wa forodha ya Sultani. Jengo la kale la mawasiliano ya simu za baharini, huko Shangani, liligeuzwa Hoteli ya Serena. Mambo Msiige nayo ikaingizwa katika hoteli kubwa iliyofunguliwa mwaka 2015, na Kamati ya Urithi wa Dunia haikuupendezewa ujenzi ule ulioongezwa kando yake. Hatusemi kwamba kugeuza nyumba kuwa hoteli ni kosa. Nyumba isiyo na mtu wa kuitazama huanguka, na sote tuliona yaliyoipata Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka na mafundi wawili wakafa. Hoteli ina fedha za kuokoa ukuta, jambo ambalo mjane aliyeachiwa vyumba viwili hawezi. Shauri letu ni kwamba mgeni aulize ukuta huo umeokolewa kwa namna gani.

Hayo hayako kwetu tu. Huko Kyoto, mji uliokuwa makao ya wafalme wa Ujapani kwa zaidi ya miaka elfu moja, zimo nyumba za mbao za wafanyabiashara wa kale ziitwazo machiya. Nyingi zimebomolewa, na baadhi ya zilizobaki zimefanywa nyumba za wageni wenye fedha. Lakini tajiri yeyote afikapo huvua viatu mlangoni, akaingia na soksi zake juu ya mikeka. Nyumba haikuiacha desturi yake kwa sababu ya pochi ya mgeni. Tulipolikumbuka hilo tuliona haya kidogo, kwani kuvua viatu ni desturi yetu pia, na katika hoteli tulizozitazama Unguja tulikanyaga mazulia kwa viatu vyenye mchanga wa Forodhani, wala hapana aliyetukataza.

Tulikwenda nyumba kwa nyumba siku nzima. Jambo la kwanza tulilolitazama ni mlango na daka. Katika nyumba ya zamani, afunguaye mlango haoni moja kwa moja mpaka uani. Hukutana kwanza na daka lenye baraza za mawe, na njia ya kwenda ndani hukunja kona. Hiyo ni sitara, ili wanawake wa nyumba wasiangukiwe na jicho la mpita njia, nayo yaafikiana na adabu aliyotufundisha Mwenyezi Mungu katika Sura An-Nur, ya kutoingia nyumba za watu mpaka kwa idhini na salamu. Hoteli moja nzuri sana ilikuwa imelivunja daka lote ili watalii waione chemchemi ya maji iliyo uani tangu wakiwa njiani. Chemchemi yenyewe yapendeza. Lakini mama zetu hawangeweza kuketi pale na kanga zao pasipo kutazamwa na mji mzima.

Jambo la pili ni ngazi. Picha za kwenye simu hazionyeshi ngazi. Vyumba bora karibu vyote viko juu kabisa, palipo na upepo na mandhari ya bahari, na ngazi za nyumba hizi ni za wima, vidaraja vyake virefu, tena nyumba nyingi hazina lifti. Kwa maharusi walio katika fungate hiyo ni mazoezi. Kwa mtu aliyepita miaka sabini, mwenye magoti ya kulalamika, ni adhabu iliyolipiwa.

Kisha tulizigusa kuta. Fundi mmoja mzee tuliyemkuta akichanganya chokaa alitueleza, naye alisema kwa ufupi: ukuta wa matumbawe hupumua, na ukiupaka saruji umeuziba pua. Unyevu hukwama ndani, rangi ikabambuka, na boriti zikaoza kwenye vichwa vyake. Tangu hapo tukawa tukipita na kunusa vyumba kama paka, na kwa hakika vipo vyumba vya bei kubwa vinavyonuka ukungu chini ya harufu ya udi.

Kibla nacho kina kisa chake. Unguja iko karibu kusini kabisa ya Makka, ndiyo maana wazee wa pwani waliweza kusema "kibla" wakikusudia upande wa kaskazini. Katika chumba kimoja tulionyeshwa mshale mzuri wa shaba uliobandikwa darini, na jina la Makka limeandikwa. Ulielekea Shangani, baharini, magharibi! Tulimwambia kijana wa pale, akacheka, akasema mshale huo uliwekwa hapo kwa kuwa ndipo ulipopendeza.

Tuliuliza pia jambo ambalo huenda wageni wengi hawaliulizi: nyumba hii ni ya nani? Zipo nyumba nyingi Mji Mkongwe ambazo wenyewe waliziweka wakfu, ili kodi yake isomeshe watoto, au iangalie msikiti, au iwafae jamaa maskini, na Kamisheni ya Wakfu ya Zanzibar ina historia inayoanzia mwaka 1905. Kwa Muislamu, kulala katika nyumba ya wakfu ambayo kodi yake hufika ilikokusudiwa ni kama kutia mkono katika sadaka ya marehemu. Katika hoteli mbili tulijibiwa waziwazi. Katika ya tatu meneja alituuliza kama sisi ni watu wa serikali.

Alasiri tukafika kwenye ile nyumba ya chuo.

Hatutaitaja jina. Mlango ni ule ule alioueleza mama: mnyororo umechongwa ukingoni, samaki chini, na juu yake maandishi ya Kurani ambayo herufi zake sasa zimefifia. Ndani pamekarabatiwa kwa uangalifu mkubwa. Yatupasa tuseme kweli, kazi ya chokaa tuliyoiona pale ilikuwa bora kuliko zote. Tukaomba kuonyeshwa chumba cha chini, mkono wa kushoto, ambapo watoto walikaa juu ya mkeka na mwalimu ameegemea ukuta. Tukafunguliwa. Vidaka vya ukutani vilivyokuwa vya misahafu vimepangwa chupa za mvinyo, kila kidaka na taa yake. Kijana aliyetuongoza alikuwa Muislamu, mtoto wa pale pale mjini, naye aliinamisha macho. Hatukumlaumu, ana watoto wa kulisha.

Tulitoka tukiwa kimya. Swali letu halikuwa tena hoteli ipi, bali je, tumwambie mama? Mmoja wetu aliona kumficha ni huruma. Mwingine aliona kwamba mama hakuuliza apumbazwe. Tulibishana njia nzima mpaka Malindi, na mwisho tuliafikiana kwamba akiuliza ataambiwa.

Hoteli tuliyoichagua haikuwa ya bei ya juu kabisa, wala si ya chini. Ni nyumba ya ghorofa mbili yenye vyumba vinane. Daka lake lipo, pombe haiuzwi, na chumba kimoja kiko chini, karibu na ua, kinachoingia upepo. Adhana husikika kutoka misikiti mitatu. Tena tulipojitambulisha kuwa ni watu wa Dar es Salaam tulipewa bei ya wakaazi, ambayo ni pungufu sana ya bei ya mgeni wa nje. Na ambaye hakuiuliza hatajiwa. Wapo watakaosema kwamba Muislamu aweza kulala mahali panapouzwa pombe asiinywe, na masuala hayo tunawaachia wenye elimu. Sisi tuliona tu kwamba, ikiwa nyumba ya pili ipo na yatosha, hapana haja ya kuuanza mjadala huo na mtu aliyekuja kupumzika.

Mama alivuka Jumamosi pamoja na wajukuu. Alipofika darini penye baraza za mawe, alisimama, akapiga hodi kwa sauti, ingawa mlango ulikuwa wazi na mizigo imekwisha kuingizwa. Mwanamke wa mapokezi akaitikia "Karibu bibi, karibu nyumbani," na mama akaketi pale barazani kabla ya kuona chumba.

Baada ya Magharibi akataka kutembea. Tulijua aendako. Alipoufikia ule mlango aliweka kiganja juu ya samaki, akamwonyesha mjukuu mdogo mnyororo, akamweleza kwamba walikuwa wakihesabu pete zake huku wakisubiri zamu ya kusoma. Askari wa mlangoni akasema, "Shikamoo bibi. Ingia utazame." Taa za vile vidaka zilionekana kupitia dirishani, na chupa zake pia.

"Marahaba, mwanangu," akajibu. "Baraza inanitosha."

Akaketi kwenye baraza ya nje. Tukangoja atuulize, tukiwa na jibu letu. Hakuuliza. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, kwamba mwalimu alikuwa mkali kwa wale waliosoma haraka haraka, na kwamba mwanawe mwalimu alimwandikia barua mwaka 1998 akamweleza kila kitu kuhusu nyumba hii. Kwa hiyo alikuwa akijua, siku ile aliyotuuliza Kurasini. Askari akaleta maji ya kunywa katika bilauri. Watalii walipita, mmoja akataka kumpiga picha, mjukuu akamzuia kwa adabu. Mama alikaa hapo mpaka adhana ya Isha ikaanza Malindi.

Asubuhi yake, tukiwa tunakunywa chai, aliuliza boti ya alasiri huondoka saa ngapi. Tukamwambia. Akamega mkate wa mofa, akachovya, akasema, "Basi iacheni iende." Tukamfuata mwanamke wa mapokezi kumwuliza kama chumba cha chini kitakuwa wazi usiku wa pili, kwa bei ile ile ya wakaazi.