Mgonjwa Bado Yuko Hai, Muulizeni Anataka Nini

Watu wangu, leo lazima niseme. Hapa kwetu mtu akishaambiwa saratani imefika steji ya nne, tunaanza kumzika akiwa hai. Grupu ya WhatsApp inafunguliwa, mchango unaanza, wazee wanaitwa. Yeye mwenyewe kutoka asubuhi mpaka jioni anasikia neno moja tu: pumzika. Usipike. Usitoke. Na hakuna anayemuuliza, "Wewe ulikuwa unataka kufanya nini?"

Shangazi yangu hapa Majengo, Nyeri, aliulizwa na nesi. Akajibu hapo hapo: "Nataka kujua kusoma."

Ana miaka 61. Madrasa alienda, na sura nyingi za Kurani anazo kichwani, lakini shule hakupelekwa. Ameuza mahamri miaka na miaka, hesabu zote kichwani, meseji za M-Pesa anasomewa na watoto. Kwenye fomu anaweka kidole gumba. Sasa anataka kwenda ngumbaru.

Nyumbani ikawa vita. Baba mdogo akamwambia, "Dada, masomo ya nini na hali hii? Hizo nguvu si uweke kwa matibabu?" Naelewa, alikuwa anaogopa. Lakini nguvu ni za nani? Shangazi akamjibu pole pole, "Hata nikipumzika nitakufa. Wacha nife nikijua A."

Sisi watu wa Nyeri tuna mfano wetu hata hatuutumii. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe hapo, 1940. Saratani ya ovari ilimuua 25 Septemba 2011. Mwaka mmoja tu kabla, 2010, alikuwa ameshirikiana na Chuo Kikuu cha Nairobi kuanzisha taasisi ya amani na mazingira. Huyo tayari alikuwa na Tuzo ya Nobel ya 2004, angeweza kusema inatosha. Na alikuwa amesema hataki miti ikatwe kwa sababu ya jeneza lake. Wenyewe wakasikia: likatengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugumaji. Hapo ndipo mimi hunyamaza kidogo. Kuna watu walimsikiliza mpaka mwisho kabisa.

Msinielewe vibaya. Sisemi ndoto inatibu saratani. Haitibu. Shangazi dawa anakunywa, na wiki ya kemo haendi popote, tunamletea ndoo tu. Kinachomwezesha kukaa darasani ni morfini ya maji anayopewa na wauguzi wa huduma shufaa. Wengi mkisikia "hospice" mnadhani ni mahali pa kungojea kufa. Kazi yao kubwa ni kupunguza maumivu ili mtu aishi siku alizo nazo. Maumivu yakitulia, mtu anakumbuka ana mambo yake.

Juzi alipelekewa fomu ya kukubali matibabu. Karani akamsogezea wino. Shangazi akasema, "Nipe kalamu." Akaandika jina lake, herufi moja moja, foleni nyuma ikinung'unika. Herufi ya mwisho ilitoka nje ya mstari. Baba mdogo alikuwa pale, hakusema kitu. Siku iliyofuata alimnunulia daftari la mistari mipana.

Hajamaliza. Bado anachanganya b na d, na sijui kama muda utamtosha afike kwenye kusoma gazeti. Lakini Jumanne na Alhamisi nyumba nzima inajua ana mahali pa kwenda, na anakasirika tukimchelewesha.

Kama una mgonjwa nyumbani, mchango changa, hospitali mpeleke, dua mwombee. Halafu kaa naye chini umuulize anataka nini. Akikujibu kitu unachoona ni cha kijinga, usicheke. Uliza tu kinaanza siku gani, na nani atampeleka.