Hanimuni Melini: Mkipotezana, Mtakutana Wapi?

Kisiwa cha Giglio, Italia, utakipenda siku ya kwanza tu. Ukishuka feri ya kama saa moja kutoka Porto Santo Stefano, unapokewa na bandari ndogo, nyumba za rangi rangi na, juu mlimani, kijiji cha kale chenye ukuta wa mawe. Kwa wapendanao, ndiyo penyewe!

Ila kusini mwa bandari kuna miamba. Usiku wa Januari 13, 2012, meli ya kitalii Costa Concordia iliigonga, abiria wakiwa wanakula. Ilikuwa na watu zaidi ya 4,200, 32 walikufa. Amri ya kuihama meli ilitoka zaidi ya saa moja baadaye, meli imeshainama na baadhi ya boti za uokoaji hazishushiki. Mamia waliopanda siku hiyo walikuwa hawajafanya zoezi la dharura. Wenyeji waliwafungulia waokokaji nyumba zao na kanisa.

Tangu 2015, zoezi hilo hufanyika kabla ya kung'oa nanga au mara tu meli inapoondoka. Jamani, msilikwepe mkakimbilia baa! Jueni kituo chenu cha kukusanyikia na majaketi ya kujiokolea yalipo. Sitaha ikilowa, shikeni reli.

Halafu kubalianeni mapema: king'ora kikilia mkiwa mbalimbali, kila mmoja aende kituoni moja kwa moja. Moyo utakwambia urudi chumbani kumtafuta mpenzi wako. Usirudi. Naye anakusubiri kituoni.