Tovuti ya Shangazi, au Nani Mwenye Kiwanja?

Shangazi yangu ameuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa muda mrefu hakuwahi kuniomba ushauri wa biashara. Alikuwa na sababu. Katika ukoo wetu mimi ndiye "daktari asiyejua kuchoma sindano". Mtu wa aina hiyo huitwa kusoma barua iliyotoka halmashauri, au kumjazia mtoto fomu ya mkopo wa elimu ya juu, haulizwi bei ya gunia. Kwa hiyo mwaka 2019 aliponiita nyumbani kwake Kitangiri na kunitaka nimtengenezee "kitu cha kwenye mtandao", nilijiona nimepanda cheo. Makala haya yanaeleza namna nilivyoliharibu jambo hilo. Ninayaandika kwa kuwa naamini kosa hili si langu peke yangu. Tunalirudia kama taifa kila tunapowaambia vijana na wafanyabiashara wadogo waende mtandaoni, bila kuwaeleza wanakwenda kujenga kwenye ardhi ya nani.

Nilifanya kama tufanyavyo wasomi: nikatafuta mtaalamu. Fundi alipatikana, kijana mwenye ofisi ndogo mjini, akatutoza shilingi laki sita. Kazi ya kuandika maneno nikajitwika mwenyewe, nami nikayaandika kwa Kiingereza. Nikaweka dira, dhamira na maadili ya msingi, mithili ya taasisi ya umma inayojiandaa kukaguliwa. Fundi naye akaweka picha ya maji ya bluu yasiyofanana kabisa na ziwa letu, na ya mwanamke anayecheka huku ameshika simu, ambaye kwa kumtazama tu ungejua hajawahi kunusa dagaa maishani mwake. Kazi ilipokamilika nilimpelekea shangazi aione. Alinisikiliza kwa heshima nikimtafsiria ukurasa mmoja baada ya mwingine, kisha akauliza swali moja: "Sasa baba, mteja wangu wa Bukavu atajuaje hapa kama leo kuna mzigo?"

Asiyeijua biashara ya dagaa anaweza kudhani hilo ni swali dogo. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Mbalamwezi inapokuwa kali taa hazivuti kitu, wavuvi wa Ukerewe na Goziba hupumzika, mzigo hupungua Mwaloni na bei hupanda. Giza likirudi, mzigo hurudi. Mvua nayo ina neno lake: dagaa waliokuwa wakianikwa wakilowa hubadilika rangi na harufu, na chakula cha watu huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Ndiyo maana mnunuzi anayejua kazi yake huuliza mambo matatu kabla ya kutuma fedha: kuna mzigo? Umekaukia mchangani au kwenye chanja? Bei ya leo ni ipi? Tovuti yangu, pamoja na dira yake na dhamira yake, haikujibu hata moja. Nilikuwa nimetangaza bidhaa inayofuata mwezi wa angani kwa maneno yaliyoandikwa mara moja yasibadilike tena.

Aliyeiokoa biashara ni binti yake, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne. Hakuandika dira. Alichukua simu, akaenda Mwaloni alfajiri, akapiga picha ya video ya mkono wa mama yake ukifikicha dagaa hadi mlio wa ukavu ukasikika, akataja bei kwa sauti na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la wateja wa Kahama, Bukavu na Lubumbashi. Kisha akaiweka sehemu ya biashara kwenye ramani ya Google, ili mgeni ashukapo kituoni asihitaji kuuliza njia. Halafu akafungua ukurasa wa Instagram. Tena aliandika bei waziwazi, jambo ambalo wauzaji wetu wengi wa mtandaoni huliogopa kama ukoma. Wao huandika "bei njoo inboksi", kisha hushangaa wateja wanapopita kimya kimya. Kwa bando la kawaida na Kiswahili cha sokoni, binti yule alifanya katika miezi mitatu kile ambacho shahada zangu tatu na laki sita za mama yake havikukifanya kwa mwaka mzima.

Hapo ndipo mahubiri mengi ya "uchumi wa kidijitali" huishia: kijana, simu, mafanikio, makofi. Ya kwetu yaliendelea, na sehemu iliyofuata ndiyo iliyonifanya nikae chini nifikiri.

Mwaka 2021 shangazi alichapisha mifuko ya kufungia dagaa, na kwa kuwa mwanawe daktari alikwishamjengea tovuti, akaagiza anwani yake ichapishwe kwenye kila mfuko. Nami nikaona ni wakati wa kusahihisha aibu yangu: tuifute ile dira, tuweke namba ya simu na bei, kwa Kiswahili. Tulipomtafuta fundi tukagundua kwamba jina la tovuti lilisajiliwa kwa jina lake yeye, kwa barua pepe yake yeye, na neno la siri lilikuwa kwake. Alikuwa amehama mji. Alitaka fedha nyingine ili aturudishie jina ambalo shangazi alidhani amelinunua. Tukiwa bado tunabishana naye, muda wa usajili ukaisha. Baada ya wiki kadhaa mteja mmoja akapiga simu akicheka: alikuwa ameandika anwani iliyo kwenye mfuko, ukafunguka ukurasa wa michezo ya kubahatisha. Mifuko ilikuwa mia tano. Shangazi aliigeuza yote ndani nje akaitumia hivyo hivyo, na hakunilaumu, jambo lililoniuma zaidi kuliko kama angenilaumu.

Nilimlaumu fundi kwa siku nyingi, hadi nilipokumbuka kwamba mimi ndiye niliyempa kazi bila mkataba, bila kuuliza jina litaandikwa la nani. Mtu mwenye shahada ya uzamivu, ambaye asingekubali kununua kiwanja Nyegezi bila kuona hati, alimnunulia shangazi yake kiwanja cha mtandaoni kwa maneno ya mdomo.

Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2021 machinga waliondolewa katika mitaa ya miji yetu, Mwanza ikiwamo. Wanaoujua Mtaa wa Makoroboi wanakumbuka ulivyokuwa kabla ya hapo. Machinga aliyepanga viatu barazani kwa duka la mtu alikuwa na wateja, alikuwa na sifa, na wengine walikuwa na vitambulisho vya shilingi 20,000 vilivyoanza kutolewa Desemba 2018. Wengi waliamini kitambulisho kile kimewapa mahali. Amri ilipotoka, ilionekana kwamba kiliwapa kadi tu. Mahali palikuwa pa wengine. Na kabla ya hapo, tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita kwa hitilafu ya kiufundi ya kampuni moja ya Marekani. Binti wa shangazi alinipigia usiku ule akidhani simu yake imeharibika. Sikuweza kuacha kuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Naye alikuwa na wateja na sifa, lakini alikuwa ameketi barazani kwa mtu.

Sisemi kwamba watu wasiuze barazani. Barazani ndipo wapita njia walipo, na asiyekwenda huko atauza kwa nani? Nasema kwamba asiwepo mtu wa kuwadanganya kuwa baraza ni lao. Na hapa serikali nayo haiwezi kunawa mikono. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu kulipa ada ambazo jumla yake ilizidi shilingi milioni mbili. Ada hizo baadaye zilipunguzwa, lakini nilikwishawashuhudia wanafunzi wangu wawili wakifunga kurasa walizozijenga kwa mikono yao wenyewe na kuhamia kwenye majukwaa ya wageni, ambako hawakuulizwa leseni. Kijana aliyejifunza kujenga tovuti yake leo ndiye angeijenga ya mama lishe kesho. Tulipandisha bei ya kiwanja, kisha tukawacheka walioenda kukaa barazani.

Pigo la mwisho lilikuja tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilipozimwa nchi nzima, ikarejea baada ya takriban siku tano. Haikuwa mara ya kwanza kuguswa: wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020 mitandao ya kijamii ilibanwa, na watu wengi wakalijua neno VPN kwa mara ya kwanza. Siku zile za 2025 zilikuwa na vifo na misiba isiyofaa kuwekwa kwenye mizani moja na biashara ya dagaa, na aliyempoteza ndugu yake anisamehe kwa kuitaja biashara hapa. Lakini ni lazima isemwe kwamba wale wale walioambiwa wajiajiri mtandaoni walifungiwa duka na mkono ambao hawakuweza hata kuuliza ni kwa nini. Wateja wa Instagram wa binti yule, wasio na namba kwetu wala sisi kwao, walipotea kwa siku zote hizo, na wengine hawakurudi. Shangazi hakupoteza hata mmoja wa kwake. Namba zao zote zimo kwenye daftari la madeni, kwa wino wa bluu, tangu enzi ambazo simu yenyewe ilikuwa ya kuazima. Aliwapigia mmoja mmoja kwa muda wa maongezi wa kawaida.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisikate tamaa na tovuti. Kwa miaka mingi, mtu wa mbali aliyetafuta habari za samaki wa Mwanza alikutana kwanza na filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, iliyotuonyesha kama mji wa mapanki na makahaba. Rais Kikwete aliilaumu hadharani mwaka 2006, na sisi wasomi tukaijadili kwenye makongamano. Lakini hotuba ya rais haimjibu mtafutaji aliyeko mbele ya kompyuta. Angemjibu mwanamke wa Mwaloni mwenye ukurasa wake, anayesema kwa lugha yake kwamba mzigo wa leo umekaukia kwenye chanja na bei ni hii. Wauzaji elfu moja wa namna hiyo wangeieleza Mwanza kuliko kanusho lolote la serikali.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa nina ombi dogo. Halmashauri zetu zina tovuti zenye picha za viongozi na habari za ziara zao. Wekeni humo bei ya dagaa ya Mwaloni ya kila asubuhi, kwa Kiswahili. Na mnapotoa ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ongezeni katika mafunzo yake saa moja ya kufundisha namna ya kusajili jina la biashara mtandaoni kwa jina la mwenye biashara. Jina linaloishia na .co.tz hulipiwa kwa mwaka ada iliyo ndogo kuliko kodi ya mwezi mmoja ya vibanda vingi vya mjini. Ugumu wake si fedha. Ugumu ni kwamba hakuna anayewaambia.

Shangazi sasa ana tovuti nyingine, ya ukurasa mmoja tu. Ina picha yake mwenyewe, namba mbili za simu, ramani, na mstari mmoja wa bei anaoubadilisha binti yake kila giza linapoingia. Haina dira. Jina limesajiliwa kwa jina lake, na neno la siri ameliandika kwenye lile daftari la madeni, ukurasa wa mwisho, karibu na jina la mtu anayemdai tangu mwaka 2016.

Muhula ujao nitawapa wanafunzi wangu zoezi. Kila mmoja aende kwa mfanyabiashara mmoja, Igoma, Buzuruga, Kirumba au popote, na asiguse kompyuta kabla ya kuleta majibu ya maswali matatu: mteja wako huuliza nini kabla ya kutoa fedha? Jina la biashara yako mtandaoni limeandikwa kwa jina la nani? Na mtandao ukizimwa kesho, utampataje mteja wako? Mimi maswali hayo niliyajua baada ya laki sita na mifuko mia tano, na zote hazikuwa zangu.